Mboga za Domina

Wifi yangu Hildegarda hajawahi kumwonea wivu mwanamke kwa sababu ya sura. Kaka yangu Kasiani angeweza kumsifia mtangazaji wa televisheni, akamsifia hata mwalimu wa kwaya, na wifi akaendelea kuchambua mchele kama hajasikia. Lakini ole wake asifie chakula cha nyumba nyingine. Mwaka mmoja alinuna tangu Pasaka mpaka mvua zikakatika, kwa sababu tulipotoka kwenye harusi fulani kaka alisema pilau ya huko ilikuwa na "kitu fulani". Kitu gani? Wifi aliuliza hilo swali akifua, akipika, hata wakiwa njiani kwenda kanisani. Mpaka leo hakijajulikana.

Mimi ni Scholastica, mdogo wake Kasiani. Naishi jirani nao hapa Kilosa, upande wa stesheni ya zamani, kwenye kiwanja alichotuachia babu aliyekuja na kazi za reli. Inafahamika kwamba mtu na wifi yake hawasifiani, kwa hiyo nikisema Hildegarda ni mpishi, mniamini, maana nasema kwa kujilazimisha. Amezaliwa Masanze, amefunzwa jiko na masista, na hapa mtaani hakuna msiba wala kipaimara kinachopita bila mtu kutumwa kwake kuomba aje "kuangalia masufuria". Jikoni kwake haingii mwanamume, na dada wa mwanamume naye huishia mlangoni.

Kaka ni fundi wa malori. Gereji yake iko Mikumi, pembeni ya barabara kuu, wanaposimama madereva wa Zambia na Kongo. Jumatatu alfajiri huondoka, Ijumaa jioni hurudi. Utaratibu huo haukumsumbua wifi hata kidogo. Alikuwa akisema, "Huko anakula ili asife. Akirudi huku ndipo anakula."

Halafu sukari ikaingia nyumbani.

Ilianza kwa kiu. Kaka alikuwa anamaliza jagi la maji na kuomba lingine, suruali zikaanza kumvuka, usiku haishi kutoka nje. Siku moja nati nzito ikamdondokea kidole cha mguu, na kile kidonda kikakataa kupona. Ndipo alipokubali kwenda hospitali. Akapimwa, akapewa vidonge na kile kimashine kidogo cha kutoboa kidole, na wifi akaitwa ndani ili wasikilize wote wawili. Nesi wa kliniki ya sukari, binti mchangamfu anaitwa Upendo, akawaeleza taratibu na kwa upole. Ugali usizidi ngumi. Soda iagwe. Nusu nzima ya sahani iwe mboga.

Nilitegemea wifi atarudi analia. Alirudi anang'aa.

"Wifi, kumbe dawa yenyewe ni mboga!" akaniambia huku anavua viatu. "Na mboga ndiyo kazi yangu."

Hapo akaanza kupanga. Hakutaka mumewe ale kama mgonjwa, majani yaliyochemshwa na chumvi ya kunyunyiza, leo hivyo na kesho hivyo. Ugali akaupunguza kweli, ngumi moja, tena ngumi yake yeye, si ya kaka ambayo ni kama tofali. Lakini ile nusu ya sahani aliihudumia vizuri. Jumamosi hii viazi na nyama, mchuzi mzito. Jumapili magimbi ya nazi. Wiki inayofuata ndizi na utumbo, halafu njegere na viazi, halafu maharage ya nazi yenye karoti. Ikawa nusu sahani inakaribia robo tatu, maana kama ni dawa, nani humpunguzia mumewe dawa? Hakurudia chakula, na kaka alikula kwa raha. Nilipita pale nikakaribishwa, nikala, na nilitamani na mimi niugue kidogo.

Lakini kile kimashine hakina adabu. Ijumaa jioni kaka akifika kutoka Mikumi, namba nzuri. Jumatatu alfajiri kabla ya kupanda gari, namba imepanda. Kila wiki hivyo hivyo. Mwisho nesi Upendo akauliza, na mimi nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilikwenda kupima presha yangu.

"Baba, huko Mikumi unakula kwa nani?"

"Kwa Domina," kaka akasema.

"Basi mwambie Domina asikuache, Baba. Nyumbani ndiko kunakoharibika."

Binti wa watu hakujua alichofanya. Wifi alisimama, akakunja khanga yake, akaaga kwa heshima zote. Tulipita sokoni, tukapita stendi ya bodaboda. Tulipofika kwenye wembamba wa njia ya nyumbani, ndipo akauliza.

"Domina ndiye nani?"

"Mama lishe tu, pale karibu na gereji."

"Tu?"

Kaka angenyamaza hapo angepona. Lakini wanaume wa ukoo wetu wakiulizwa hujibu, tena kwa ukamilifu. Akaeleza kwamba Domina anawapikia madereva wenye sukari, kwamba wako wengi, kwamba mchicha wake anaukamulia ndimu mwishoni ukiwa bado mbichi kidogo, unalia mdomoni.

"Ndimu," wifi akasema. Nyuma ya nyumba yake kuna mndimu unaozaa mpaka majirani tunachukua bila kuomba. "Ndimu!"

Tangu siku hiyo nyumba ile haikukalika. Wanawake wengine hunusa shati la mume wakitafuta marashi. Wifi alinusa akitafuta kitunguu saumu. Ijumaa kaka akivua shati tu, wifi analiweka puani: "Leo alipika samaki." Na kaka, bila akili: "Perege, wa kuchoma." Mlango wa jikoni unafungwa kwa kishindo. Alimtafuta Domina kwenye simu ya mumewe, na alipompata akakuta amesajiliwa "Domina Chakula", jambo lililomuuma kuliko kama angeandikwa "Mpenzi". Aliniambia waziwazi, akiwa ameshika mwiko: "Angenichukulia kitanda ningejua la kufanya. Huyu ananichukulia sahani."

Mimi nilimwonea huruma, lakini pia nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Mtu aliyetutambia miaka yote kwa pilau, naye apate wa kumtambia.

Akaamua kushindana. Mboga zikaongezeka. Viazi vikapanda juu ya sahani kama shamba la mlimani. Ndizi zikapikwa kwa nazi mbili badala ya moja. Na kaka akala zote, kwa sababu wifi aliketi mbele yake akimtazama kila tonge. Namba za Jumatatu zikazidi kupanda, kidole kikageuka rangi, na daktari akasema bila kuzunguka: sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na wakichelewa, utakatwa mguu. Fundi wa malori bila mguu ni nini? Anakaa kibarazani, anahesabu treni.

Ijumaa iliyofuata kaka hakuja. Alipiga simu.

"Mama Brayan, naomba mwezi huu nibaki huku. Mpaka kidonda kifunge."

"Unabaki kwa nani?"

"Nabaki kazini."

Wifi alikata simu, akaja kwangu bila kubisha hodi. Macho yalikuwa makavu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Amehama," akasema. "Mtu akishahamisha tumbo, amehama. Kesho unanisindikiza Mikumi."

Asubuhi alikuja na hotipoti kubwa la harusi, lile lenye maua mekundu. Ndani mlikuwa na ndizi na nyama, alizoamka kuzipika giza halijaondoka. Alilipakata njia nzima. Tulipita kijiji cha Ulaya, ile ya kwetu isiyodai pasipoti, na nilijaribu kumtania kuhusu hilo lakini hakucheka. Mpango wake ulikuwa huu: aweke hotipoti mezani mbele ya huyo mwanamke, amwite mumewe, na mumewe achague hadharani. Nilimuuliza, je akichagua vingine? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa itakuwaje jua likikataa kuchomoza.

Banda la Domina halikuwa na makuu. Mabati, mabenchi, majiko ya mkaa yamepangwa mstari, na nyani mmoja amekaa juu ya uzio akisubiri watu wazubae. Domina mwenyewe alikuwa na sura, lazima niseme. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, anacheka na kila dereva bila kuacha kugeuza samaki. Alipotuona akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama," akamwambia wifi.

Wifi yangu amesalimiwa shikamoo na nusu ya Kilosa na hufurahi. Hii ilimwingia kama mwiba. "Marahaba," akasema, na neno lenyewe lilitoka likiwa limebanwa na meno.

"Karibuni mkae. Mama, una sukari au huna?"

Kumbe ndiyo desturi ya pale, huulizwa hivyo kabla hujaulizwa unataka nini. Wifi hakutaka kujitambulisha bado. Akajibu, "Ninayo."

Sahani ikaja. Nusu yake ilikuwa mchicha na bamia, na nyanya chungu mbili zilizopasuliwa, juu yake ndimu. Pembeni kipande cha perege wa kuchoma. Upande wa mwisho ugali wa mtama, mdogo, kama umesahauliwa pale. Wifi akaonja mchicha. Nilimtazama usoni, na niliona alichokipata: ulikuwa mtamu. Akaweka kijiko chini kwa hasira.

"Mbona mboga umenipa kipande kimoja?"

"Mboga si hiyo hapo, mama? Nusu sahani."

"Haya ni majani. Mboga ni samaki. Nimeambiwa hospitali nusu sahani iwe mboga."

Dereva mmoja akaguna. Domina alisimama na mwiko wake, akamtazama wifi kwa makini zaidi.

"Nyumbani hiyo nusu sahani unaweka nini, mama?"

"Mboga! Viazi na nyama. Ndizi. Magimbi. Sirudii, kila siku kwangu mboga mpya."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani watacheka, lakini wote waliokaa pale walikuwa wenye sukari, na nadhani kila mmoja aliiona sahani ya nyumbani kwake. Kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Nyama ni mboga, dagaa ni mboga, viazi vya mchuzi ni mboga. Ukimuuliza mtoto leo mboga gani, akikujibu maharage hushangai. Nesi alisema mboga na akafikiria majani. Wifi alisikia mboga na akafikiria sufuria. Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili.

"Mama," Domina akasema, polepole, "kiazi na ugali ni ndugu. Ndizi na ugali ni ndugu. Ukimpunguzia ugali ukamjazia viazi, hujapunguza kitu. Nesi alikuwa anasema mboga za majani."

Wifi aliweka mkono juu ya mfuniko wa hotipoti.

"Mama ametoka wapi?"

"Kilosa. Mimi ni Mama Brayan."

Domina akafuta mikono kwenye aproni, akaketi kwenye benchi mbele yetu. Kicheko kilikuwa kimeondoka. "Mke wa Fundi," akasema. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Mume wangu alikuwa dereva. Alipoambiwa mboga, nilimpikia viazi na nyama. Kila siku. Akiniambia ameshiba namwongezea, maana nilikuwa nampenda. Walianza na kidole. Nimemzika kwao Lumuma, na hili la majani nimekuja kulijua baadaye, hata kilio hakijaisha."

Wakati huo kaka akatokea kutoka gereji, anachechemea, mikono ina grisi. Alipomwona mkewe na Domina kwenye benchi moja, alisimama kama mwizi. Halafu akaliona hotipoti. Analijua lile hotipoti.

"Umeniletea chakula, Mama Brayan?"

Hakusubiri jibu. Alinawa, akaketi, akafunua mwenyewe. Harufu ya ndizi zile ilijaa banda lote, na hata nyani akageuka. Kaka akachukua kijiko.

"Ulijua chakula changu kinakudhuru?" wifi akamuuliza.

"Nilijua kikiingia namba zinapanda. Kwa nini, sikujua."

"Sasa mbona unachukua kijiko?"

Kaka alitazama chini. "Ningekukatalia chakula wewe ningekuambia nini? Ndiyo maana nikabaki huku. Kukaa mbali naweza. Kukatalia sahani yako, siwezi."

Nimemfahamu Hildegarda tangu akiwa bibi harusi, na sijawahi kumwona akimnyima mtu chakula. Siku ile alichukua ule mfuniko wenye maua mekundu, akaufunika juu ya ndizi zake, akalivuta hotipoti upande wake wa meza. Kisha akaichukua ile sahani ya Domina, ambayo alikuwa ameonja kijiko kimoja tu, akaisukuma kwa mkono wake mwenyewe mpaka mbele ya mumewe.

"Kula hiyo," akasema. Na machozi aliyokuwa amekataa kuyatoa tangu Kilosa yakatoka yote, mbele ya madereva. Hayakuwa ya huruma. Namjua. Yalikuwa ya wivu mtupu, kwa sababu kaka aliila, na aliisifia.

Kidole hakikupona. Tulikuwa tumechelewa, na kilikatwa kabla ya mavuno. Mguu ulibaki. Kaka alikaa nyumbani mpaka jeraha likafunga, akajifunza kutembea upya, na Hildegarda akampikia kila siku nusu sahani ya majani, siku nyingine amesonya tangu kuchuma mpaka kupakua. Namba zikashuka, zikatulia. Lakini ilifika siku daktari akamruhusu arudi gereji, na gereji iko Mikumi, na Mikumi kuna Domina.

Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo wifi alimpigia Domina simu. Nilikuwepo. Hakumsalimia.

"Anakuja kesho," akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa mlishe wewe. Jumamosi na Jumapili ni zangu. Na kila Ijumaa unaniambia umempikia nini."

Nilidhani anataka kujifunza. Nilikosea. Anataka kujua ili asirudie. Hataki kupika kitu ambacho mwanamke mwingine amekipika wiki hiyo, hata kama ni mchicha wa bustani yake mwenyewe. Domina akisema amepika matembele, wifi anatwanga kisamvu na kukipika kwa karanga. Domina akisema kisamvu, wifi anapika majani ya maboga. Bamia zimeshapikwa? Basi mlenda. Samaki ameshaliwa? Kuku wa kienyeji, kipande kimoja, bila ngozi, na kachumbari ya matango. Ugali wa mtama umeshapita, yeye anasonga wa dona, ngumi ile ile. Domina naye si malaika. Kuna wiki alipika mchicha, matembele, kisamvu, bamia na majani ya maboga, vyote, akaripoti kimoja kimoja kwa sauti tamu kabisa. Wifi alitukana kwa lugha ya kwao, akapanda bodaboda mpaka Masanze kwa mama yake mdogo, akarudi na gunia la mnavu na mchunga. Mchunga ni mchungu kweli. Aliuchemsha, akamwaga maji, akauunga kwa nyanya na vitunguu, na kaka akaomba aongezewe. Kama kuna mtu mwenye sukari anayekula vizuri kuliko kaka yangu kati ya hapa na Morogoro, simjui.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, na mgeni mmoja asiye na busara akamuuliza kaka, kati ya hawa wawili, nani zaidi? Kaka alitazama sahani, akatazama mguu wake wenye vidole vinne, akasema, "Wote." Mkewe hajamsemesha tangu hapo.

Jioni nilimkuta anaosha vyombo nje, amening'iniza mdomo. Nikamwambia, wifi, yatosha sasa, yule mwanamke amekusaidia. Aliendelea kusugua sufuria.

"Yule alizika mume, wifi," akasema. "Mimi nimezika kidole. Kila nikimwonea wivu nalikumbuka hilo, namwombea kwa Mungu kabisa."

Akalimwaga povu.

"Halafu naendelea kumwonea."